Nani Ameunguza Fyuzi?

Katika miaka yangu ya ualimu nimesoma vitabu vingi kwa sababu ya kazi na vichache kwa sababu ya kuvipenda. Katika sura hii nataka kuhakiki maandishi ambayo wahakiki wetu hawana desturi ya kuyagusa, yaani maandishi yanayomwelekeza mtu la kufanya pale kitu kinapoharibika. Tunahakiki riwaya, tamthilia na diwani, na ni vyema. Lakini riwaya mbaya humpotezea msomaji jioni moja tu. Maelekezo mabaya ya umeme yaweza kumpotezea nyumba. Kwa hiyo nitatumia kalamu yangu juu ya ukurasa mmoja wa kitabu cha gari, juu ya kitabu cha Mmarekani mmoja, na juu ya ripoti fupi ambayo mwandishi wake namfahamu sana.

Nianze na ukurasa. Mwaka 2016 binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Uingereza, alinialika nikamtembelee wakati wa kiangazi. Yeye na mumewe walikuwa wamenunua gari la aina ambayo wenzetu wa Ulaya huipenda sana kwa mapumziko. Mimi huliita gari-nyumba. Mbele ni gari kama magari mengine, nyuma ni chumba chenye vitanda, jiko la gesi, friji, choo na tangi la maji. Lilikuwa limekwisha kutumiwa na watu wawili kabla yao. Tulisafiri nalo kwenda kwenye milima na maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, sehemu iitwayo Lake District, na tulipofika karibu na mji wa Keswick tukaegesha katika uwanja uliotengwa kwa ajili ya magari kama hayo.

Msomaji ambaye hajaliona gari la namna hii sharti ajue kwamba ndani yake mna umeme wa aina mbili. Upo wa volti 230, ambao hupatikana pale gari linapochomekwa kwenye soketi ya uwanjani. Upo pia wa volti 12 unaotoka kwenye betri, na betri zenyewe ni mbili: moja ya kuwasha injini, nyingine ya kuhudumia nyumba. Taa za ndani, pampu ya maji na feni hutumia umeme huu wa volti 12. Kila njia ya umeme ina fyuzi yake, na fyuzi zote zimepangwa katika kisanduku kidogo kama vitabu katika rafu. Kila moja ina rangi yake: nyekundu ni ya ampea 10, bluu ni ya 15, njano ni ya 20, kijani ni ya 30.

Jioni ile binti yangu alifungua bomba ili ajaze birika, maji hayakutoka. Mkwe wangu, kijana mwenye bidii na adabu, akafungua kisanduku, akachomoa fyuzi nyekundu na kuinyanyua juu ya taa.

"Baba, fyuzi imeungua tena," akasema.

"Tena?" nikamwuliza.

Ndipo nikaambiwa kwamba hiyo ilikuwa ya nne tangu tulipoondoka nyumbani. Kila mara aliibadilisha kimyakimya usiku, wakati mimi nimelala, asije akamsumbua mzee. Sasa pakiti yake ya akiba ilikuwa imebaki na za njano tu.

"Hii nayo itafanya kazi, baba. Kesho tutanunua nyekundu."

Nikamwomba kwanza anipatie kitabu cha gari.

Kilikuwa kitabu kizuri kwa macho. Karatasi yake ilikuwa nzito na picha zake za rangi. Kulikuwa na kurasa nyingi juu ya kukunja na kukunjua vitanda, na kurasa nyingine juu ya kusafisha mapazia. Juu ya fyuzi kulikuwa na ukurasa mmoja. Nusu ya juu ilikuwa jedwali lenye namba, rangi na kazi ya kila fyuzi. Nusu ya chini ilikuwa na maagizo mawili. La kwanza lilisema, kwa muhtasari wangu, kwamba fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile, wala isibadilishwe kwa ya kiwango kikubwa zaidi. La pili lilisema kwamba ikiungua tena, gari lipelekwe kwa wakala. Basi.

Sitaki kumwonea mwandishi wa ukurasa ule. Agizo lake la kwanza ni la kweli na lina thamani kubwa. Agizo lake la pili pia lina sababu zake. Katika gari lile mna gesi na mna umeme wa volti 230 unaoweza kuua, na mwandishi hajui kama msomaji wake ni mhandisi au ni mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi. Tena mtengenezaji wa gari anaogopa mahakama. Mimi nimeandika matangazo mengi ya shule katika maisha yangu, naijua hofu hiyo. Mtu akiandika huku anaogopa kulaumiwa, huandika machache na huandika kwa ukali.

Kosa la ukurasa ule ni kwamba hautoi sababu. Unakataza fyuzi kubwa bila kusema kwa nini. Mwalimu yeyote aliyelala bwenini na wavulana anajua kwamba sheria isiyo na sababu huvunjwa usiku wa kwanza ambao kuifuata kuna usumbufu. Mkwe wangu alikuwa ameusoma ukurasa ule. Ana shahada. Hata hivyo alikuwa ameshika fyuzi ya njano mkononi, kwa sababu mkewe alitaka chai na mkwewe alikuwa mgeni.

Sababu yenyewe si ngumu, na ingechukua mistari mitano. Watu wengi wanadhani fyuzi imewekwa ili kulinda pampu au taa. La hasha. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Kila waya una kiasi cha umeme unachoweza kuubeba bila kupata joto la hatari, na kiasi hicho hutegemea unene wake na mahali ulipopitishwa. Fyuzi ni sehemu ya njia ile iliyofanywa dhaifu makusudi, ili yakizidi yatakayozidi, ianze yenyewe kukatika mbele ya macho yetu, ndani ya kisanduku cha plastiki. Ukiweka fyuzi ya ampea 20 mahali pa ampea 10, udhaifu hautoweki. Unahamia kwenye waya. Na waya wa gari-nyumba umepita nyuma ya mbao, chini ya godoro, jirani na mtungi wa gesi.

Wengine hujidanganya kwamba volti 12 ni umeme mdogo. Ni kweli kwamba hauwezi kukurusha ukiugusa kwa mkono mkavu. Lakini hesabu ni ileile tuliyofundisha ubaoni: wati ni volti mara ampea. Kifaa cha wati 120 katika umeme wa volti 240 hutumia nusu ampea tu. Kifaa cha wati hizohizo katika volti 12 hutumia ampea 10. Kwa hiyo kazi ileile, katika umeme huu unaodharauliwa, hupitisha kwenye waya ampea mara ishirini. Na betri ya gari ikipigwa shoti, yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba hauchukui muda kuwa mwekundu.

Ukurasa ule pia haukumfundisha msomaji kuuliza swali. Fyuzi iliyoungua ni jibu. Kazi yetu ni kutafuta swali lake. Je, imeungua mara tu ilipochomekwa, wakati kila swichi imezimwa? Basi shoti imo ndani ya waya wenyewe, kabla ya kufika kwenye swichi. Je, imeungua pale kifaa fulani kilipowashwa? Basi tukitazame kifaa hicho, au waya uendao kwake. Je, imedumu dakika kadhaa ndipo ikaungua? Huenda mzigo umezidi, au pampu imeziba na mota yake inasukuma bila kuzunguka, maana mota iliyokwama hula umeme mwingi kuliko inayozunguka. Je, inaungua tu gari likiwa mwendoni? Basi kuna kitu kinachotikisika na kusuguana. Maswali manne haya yangeenea katika nusu ukurasa. Wangeweza kupunguza habari za mapazia.

Nilimwuliza mkwe wangu maswali hayo. Akakumbuka kwamba mara zote nne fyuzi iliungua barabarani, hasa baada ya kona na mashimo, na kamwe haikuungua wakati tumeegesha. Tulizima injini, tukachomoa waya wa volti 230 kutoka uwanjani, tukafunga mtungi wa gesi. Kisha nikamwomba balbu ya akiba ya taa ya ishara, ile ya wati 21. Tulitumia vipande viwili vya waya kuifunga mahali pa fyuzi, ili umeme wote wa njia ile upite kwanza kwenye balbu.

Hii ni mbinu ya zamani ya mafundi, na uzuri wake ni kwamba haili fyuzi. Balbu ya wati 21 katika volti 12 haipitishi hata ampea 2. Kama kuna shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote, lakini waya hautapata joto la kudhuru. Shoti ikiondoka, balbu itazimika. Tulizima swichi zote, na balbu ikawaka kama jua la adhuhuri. Tulichomoa waya wa pampu, ikaendelea kuwaka. Pampu haikuwa na hatia. Ndipo mkwe wangu akaingia chini ya kitanda na kuanza kuutikisa waya taratibu, shubiri kwa shubiri, na mimi nikaitazama balbu.

"Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Imezimika! Hapo hapo, usiondoe mkono!"

Waya ulipita katika tundu la kipande cha chuma kilichoshika mbao za kitanda. Tundu lile lilitakiwa kuwa na mpira wa kuzuia waya usichubuke, na mpira ulikuwa umeanguka, pengine tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Ganda la waya lilikuwa limelika mpaka shaba ikaonekana. Gari likitikisika, shaba iligusa chuma, na umeme ukarudi kwenye betri kwa njia ya mkato. Tulikata sehemu iliyochubuka, tukaunga upya, tukaupitisha waya ndani ya kipande cha mpira na kuufunga usichezecheze. Asubuhi mkwe wangu alinunua fyuzi nyekundu mjini. Ilidumu safari nzima, na kwa habari nilizonazo ingali inadumu.

Sasa nije kwenye kitabu cha Mmarekani. Msomaji anaweza kushangaa kwamba mwalimu wa Kitanzania aliifahamu mbinu ya balbu. Sehemu nilijifunza kwa mafundi, na sehemu nilipata mazoea ya kuuliza maswali kutoka katika kitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwalimu mmoja wa kujitolea alituachia, katika chumba cha walimu, kitabu chenye madoa ya grisi kila ukurasa. Kinaitwa How to Keep Your Volkswagen Alive. Mwandishi wake ni John Muir, mhandisi aliyeacha kazi yake na kwenda kuishi maisha ya kujitegemea huko New Mexico. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1969, na mwandishi alifariki mwaka 1977. Michoro yake, ambayo ni ya mkono na yenye vichekesho, ilichorwa na Peter Aschwanden. Mimi sikuwa na Volkswagen, na baiskeli yangu haikuwa na fyuzi. Nilikisoma kama wengine wanavyosoma hadithi.

Jina refu la kitabu hicho linasema kwamba kimeandikwa kwa ajili ya mpumbavu kamili. Kwa Kiswahili chetu neno hilo ni tusi, na mwanzoni lilinikera. Baadaye nikaelewa kwamba Muir anajihesabu mwenyewe katika kundi hilo. Anachukulia kwamba msomaji hajui lolote, lakini anaweza lolote. Huo ndio msingi wa ualimu bora, na ni kinyume kabisa cha ukurasa wa gari-nyumba, ambao unachukulia kwamba msomaji anajua mambo mengi lakini haruhusiwi kugusa.

Jambo la pili ninalolisifu ni utaratibu. Anamtaka msomaji asome hatua zote mpaka mwisho kabla ya kushika spana. Anamwambia atumie masikio, pua na vidole. Anamtahadharisha pale penye hatari, na anaeleza hatari hiyo ni nini. Jambo la tatu ni sauti. Ukimsoma Muir unajua kwamba kuna mtu anayezungumza, na kwamba mtu huyo amekwisha kukwaruzwa vidole na gari hilihili.

Lakini uhakiki wa sifa tupu si uhakiki. Muir anazungumza mno. Utani wake ni wa vijana wa Kimarekani wa zama zake, na msomaji wa Kilosa au Songea atapita mahali pengi bila kucheka. Mwenye haraka, aliyekwama porini na mvua inanyesha, atatamani apunguziwe hadithi. Isitoshe, kitabu ni cha magari ya kampuni moja, tena yale ya zamani yenye injini inayopozwa kwa hewa, na mengi aliyoyaeleza hayana msaada kwa magari ya leo. Hata hivyo mwendo wake wa fikra haujachakaa. Kwake gari halitibiwi kwa kubahatisha sehemu moja baada ya nyingine. Kwanza hoja, kisha mkono.

Nikiwaza kitabu hicho huwa naona wivu kwa ajili ya lugha yetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na wataalamu wetu wametupatia istilahi nyingi za sayansi, jambo jema. Lakini orodha ya maneno haijawa bado maelekezo. Na maneno mengi tunayoyahitaji yamo tayari katika vinywa vya mafundi gereji: shoti, kuchubuka, kulegea, kula moto, kuchoma betri. Mwandishi wa kitabu cha aina hii kwa Kiswahili angepaswa kukaa miezi sita juu ya kopo la grisi, akasikiliza, ndipo aandike. Shuleni kwetu wanafunzi wa sekondari walijibu kwa Kiingereza kwamba fyuzi ni kitu gani, wakapata alama zao, kisha wakarudi bwenini na kutafuta shoti kwa Kiswahili bila msaada wa daftari. Mimi nilikuwa mmoja wa waliowafundisha hivyo. Kwa miaka mingi nilitunga swali lisemalo: eleza kazi ya fyuzi. Sikutunga hata mara moja swali lisemalo: fyuzi hii imeungua mara tatu, utafanya nini?

Hapo ndipo ninapofikia ripoti.

Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa taifa. Taa za madarasa mawili na stoo ya vitabu zilikuwa katika njia moja ya umeme, na kata-auti yake ilikuwa ya zile za kauri, ambazo waya wake mwembamba hubadilishwa kwa mkono. Waya ukawa unakatika kila jioni wakati wa kujisomea. Fundi wetu, kibarua aliyelipwa kwa siku, alibadilisha mara mbili. Jioni ya tatu aliniambia, "Mkuu, tungepanda darini kwanza tukatazame. Kuna kitu huko."

Nilimjibu kwamba wanafunzi wana mtihani, taa ziwake leo, dari tutaitazama Jumamosi. Akasema waya wa kufaa umekwisha. Nikamwambia aweke waya wowote. Akachuna waya wa kamba ya pasi, akasokota nyuzi kadhaa pamoja, akaweka. Taa zikawaka vizuri kuliko siku zote, na mimi nikampongeza.

Usiku wa pili dari ya stoo ilishika moto. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyeumia. Vitabu vipya ambavyo wazazi walivichangia kwa mwaka mzima viliteketea vyote pamoja na paa. Baadaye tulikuta katika kipande cha dari kilichobaki kwamba panya walikuwa wametafuna ganda la nyaya. Laiti tungepanda tukiwa na tochi, ingetuchukua nusu saa.

Niliandika ripoti kwa mkono wangu. Ilikuwa na mistari kumi na miwili, na mstari uliotazamwa na wote ulisema hivi: chanzo cha moto ni hitilafu ya umeme. Bodi ilikaa, ikauliza nani alishika kata-auti mara ya mwisho, ikajibiwa kwamba ni fundi. Fundi akaachishwa kazi. Mimi nilikuwepo kikaoni. Nilinyamaza.

Sasa niihakiki ripoti hiyo kama ningeihakiki insha ya mwanafunzi. Maneno "hitilafu ya umeme" tunayasikia kila pakitokea moto, nayo si uongo. Umeme ulikuwa na hitilafu kweli. Lakini ni maneno yasiyo na mtu ndani yake. Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa vitenzi vya namna hii. Mtoto akiangusha kikombe hasemi "nimevunja kikombe", husema "kikombe kimevunjika", kana kwamba kikombe kiliamua chenyewe. Waya umekatika. Fyuzi imeungua. Gari limeharibika. Kisarufi ni sahihi kabisa, na mara nyingi ndivyo tunavyopaswa kusema, maana hatujui bado aliyefanya. Ubaya huanza pale tunapojua, kisha tukaendelea kuutumia mnyambuliko huo kama pazia. Kuvunjika kuna kuvunja. Kuungua kuna kuunguza. Fundi mzuri haridhiki na tendo la kwanza mpaka apate la pili: fyuzi imeungua, je, ni nini kilichoiunguza? Mwandishi wa ripoti naye alipaswa asiridhike.

Ukurasa wa kitabu cha gari-nyumba unatumia pazia lilelile: ibadilishwe, lipelekwe, isiwekwe. Muir hatumii. Husema wewe fanya hili, na mimi niliwahi kukosea hapa. Nadhani ndiyo sababu kitabu chake kilinichoma moyo bila mimi kujua kwa nini. Nilikuwa nimekisoma miaka kumi na zaidi kabla ya moto ule, nikakisifu mbele ya walimu wenzangu, na jioni niliyopaswa kukitumia nikasema weka waya wowote.

Hivyo basi, nikiisahihisha ripoti yangu leo, nikiwa na umri wa miaka sabini na zaidi, ingesomeka hivi. Fundi alishauri tukague dari. Mkuu wa shule alikataa kwa sababu ya haraka. Mkuu wa shule aliamuru uwekwe waya mnene kuliko kiwango. Waya huo haukukatika ilipotakiwa ukatike, na nyaya zilizotafunwa na panya ziliunguza dari. Fundi asilaumiwe. Ni sentensi tano, nazo ni fupi kuliko zile za mwanzo.

Fundi yule alifariki miaka kadhaa iliyopita. Kabla sura hii haijaenda kwa mpiga chapa nilimpelekea mwanawe mkubwa, ambaye naye ni fundi umeme, nikamwomba aisome nikiwa nimeketi mbele yake. Aliisoma polepole, akarudia sehemu ya ripoti, akaikunja karatasi.

"Shikamoo tena, mwalimu," alisema. "Baba alikwisha kutuambia habari hii. Alisema mkuu alikuwa na wanafunzi wenye mtihani."

Hakusema zaidi, wala mimi sikuwa na la kuongeza. Akanionyesha kisanduku chake cha vifaa. Katika kona yake, imefungwa kwenye vipande viwili vya waya, kulikuwa na balbu ya gari ya wati 21.